HAKI YA NJIA
Mawaidha juu ya mji wa New York, maovu ya barabara zake, na yaliyoubadili

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, mwenye kuwalisha waja wake wakati wa njaa na kuwapa amani wakati wa khofu. Rehema na amani zimshukie Bwana Mtume Muhammad, na aali zake, na masahaba zake wote.

Ama baada: Imepokewa katika Hadithi sahihi ya kuwa Mtume (s.a.w.) aliwakanya masahaba zake wasikae njiani. Wakamweleza ya kuwa hawana budi na vikao vyao, kwani hapo ndipo wazungumzapo. Basi akawaamuru, madhali hawana budi, waipe njia haki yake. Walipouliza haki hiyo ni ipi, akawatajia: kuinamisha macho, kuzuia udhia, kurudisha salamu, na kuamrisha mema na kukataza maovu.

Hadithi hii watu wa pwani waijua sana, kwani wao ni watu wa baraza. Lakini wengi huidhani kuwa ni adabu ya wazee waketio baada ya alasiri, wala hawaoni ya kuwa ndani yake imo siri ya amani ya mji mzima. Na mwenye kutaka kuiona siri hiyo kwa macho, na atazame khabari ya mji wa New York, katika nchi ya Marekani. Mji huo, ndani ya umri wa mtu mmoja, ulifika daraja ya kuogopwa na watu wake wenyewe, kisha ukarudi kuwa miongoni mwa miji mikubwa ya nchi ile yenye amani zaidi. Na mji uliopitiwa na hali mbili una mazingatio kwa mwenye akili.

LAWAMA YA MGENI

Yapasa kujulikana kwanza ya kuwa uovu wa barabara haukuanza jana katika mji ule. Katika karne ya 19 palikuwa na mtaa uitwao Five Points, uliosifika kwa ulevi, wizi na magenge ya wapigani. Wakazi wake wengi walikuwa mafakiri wa Ireland, na wengine wengi wakaja baada ya njaa kubwa iliyoishika nchi yao mwaka 1845. Wenye nafasi wakasema ya kuwa watu hawa wizi umo katika damu yao. Na kweli maovu yalikuwako: Julai 1863 zilizuka ghasia za kukataa kuandikwa jeshini, na wenye ghasia, wengi wao Wairishi, wakawaua watu weusi wasio na makosa, na wakaichoma moto nyumba ya mayatima weusi.

Lakini haukupita muda wa vizazi viwili, watoto wa watu wale wale waliosemwa kuwa ni wevi kwa asili wakawa wengi katika askari polisi wa mji. Damu yao haikubadilika. Iliyobadilika ni hali yao, na kazi zao, na mahali pao mbele ya watu. Baada yao lawama ikahamia kwa Wataliani na Mayahudi wapya, kisha kwa watu weusi waliotoka kusini na watu wa Puerto Rico. Kila zama ilikuwa na mgeni wake wa kulaumiwa. Basi mtu asiseme juu ya kabila lolote, wala juu ya vijana wa mtaa wowote, ya kuwa hao wameumbwa wabaya. Kila mtoto huzaliwa juu ya maumbile safi, na hili ni katika mafundisho ya Mtume mwenyewe.

KHOFU ILIVYOINGIA

Katika Sura ya Quraish Mwenyezi Mungu amezitaja neema mbili pamoja, kulishwa na kusalimishwa na khofu. Hakuzitenga, kwani moja huifuata nyingine. Na hivyo ndivyo ilivyokuwa New York.

Mwaka 1950 mji ule ulikuwa na kazi za viwandani zipatazo milioni moja. Ilipofika miaka ya 1980 zaidi ya nusu ya kazi hizo zilikuwa zimekwisha. Viwanda vilifungwa au vilihamia kwingine, na mtu asiyekuwa na elimu kubwa, aliyekuwa akilisha watoto wake kwa mikono yake, akabaki kukaa bure. Katika mitaa hiyo hiyo ukaingia unga, yaani heroini, ukawashika vijana katika miaka ya 1960 na 1970. Na aliyeshikwa na unga humwibia hata mamake.

Mwaka 1975 hazina ya mji ikakaribia kufilisika, na maelfu ya askari polisi wakaachishwa kazi. Vyama vya polisi kwa hasira vikachapisha kijitabu chenye picha ya fuvu la kichwa juu yake, wakikigawa kwa wageni, kuwaonya wasitembee barabarani baada ya saa kumi na mbili ya jioni wala wasipande treni za chini ya ardhi. Katika upande wa Bronx majumba yakawa yakiungua usiku na mchana. Mengine yaliwashwa na wenyewe au kwa amri yao, ili wapate fedha za bima, na wapangaji wakatoka mbio na watoto mikononi. Tazama basi: mwizi wa mkoba alikimbizwa na askari, na mwenye kuchoma jumba zima akakaa mezani akihesabu fedha. Wote wawili ni wevi, lakini mmoja tu ndiye aliyeitwa jina hilo.

Usiku wa Julai 13, 1977, umeme ukazimika mji mzima. Katika giza lile maduka zaidi ya 1,600 yakavunjwa na kuporwa, na watu zaidi ya 3,700 wakakamatwa. Waliokuwa na uwezo wakauhama mji, na kati ya mwaka 1970 na 1980 idadi ya watu ikapungua kwa zaidi ya laki nane. Kisha katikati ya miaka ya 1980 ikaja kokeini ya kupikwa, iitwayo kraki, yenye bei ndogo na madhara makubwa, na wauzaji wake wakapigania pembe za barabara kwa bunduki. Mwaka 1990 watu 2,245 waliuawa katika mji mmoja, na unyang'anyi ulioandikwa ulipita 100,000. Watu wakafunga milango kwa makufuli matatu na manne, na jirani hakumjua jirani yake.

Imepokewa ya kuwa Sayyidna Umar bin Al-Khattab (r.a.), katika mwaka wa njaa uitwao Mwaka wa Ramada, alisimamisha hadi ya kukata mkono wa mwizi. Hakufanya hivyo kwa kuuona wizi kuwa halali. Alijua ya kuwa mtawala hana uso wa kudai haki ya mali kwa mwenye njaa, na yeye hajaitimiza haki ya tumbo.

WALIOSIMAMA NJIANI

Katika mtaa wa Bedford-Stuyvesant, upande wa Brooklyn, uko msikiti uitwao Masjid At-Taqwa, ulioanzishwa mwaka 1981. Ulizungukwa na nyumba za kuuzia kraki, na waendao kusali walipita katikati ya wauzaji. Mwaka 1988, katika baridi kali, imamu wao Siraj Wahhaj na watu wa msikiti wakaafikiana na polisi. Polisi waliziingia nyumba zile na kuwatoa wauzaji, kisha Waislamu wakasimama nje yake zamu kwa zamu, usiku na mchana, kwa muda wa siku arubaini. Mnunuzi akija aliona watu wamesimama, akarudi. Nyumba zipatazo kumi na tano zikafungwa.

Isisemwe ya kuwa msikiti mmoja ndio ulioponya mji wa mamilioni, kwani mwaka 1990 uliokuja baadaye ndio uliokuwa mbaya kuliko yote. Lakini watu wale walitimiza haki ya njia yao. Na wengine wa dini nyingine na wa mitaa mingine walifanya mfano wa hayo: wenye kusafisha viwanja vilivyojaa taka wakapanda bustani, wenye kujenga upya nyumba zilizoungua, na wenye kufungua mahali pa vijana kusoma na kucheza. Mwaka 2017 mwalimu wa chuo kikuu Patrick Sharkey na wenziwe walitoa uchunguzi wao juu ya miji 264 ya Marekani, wakaona ya kuwa palipozidi vyama vya namna hiyo, mauaji yalipungua. Wenye elimu wamechelewa kulipima jambo ambalo Hadithi ililiamrisha tangu zamani.

Na serkali nayo ilifanya sehemu yake. Mwaka 1991, zama za meya David Dinkins, ilipatikana sheria ya kuongeza askari kwa maelfu, na ndani yake mlikuwa na fedha za kufungua shule jioni kwa ajili ya vijana. Mwaka 1994, zama za Rudolph Giuliani, mkuu wa polisi William Bratton akaanzisha desturi ya kuhesabu makosa ya kila mtaa na kuwauliza maofisa khabari zake. Kraki nayo ikachukiza, kwani wadogo waliona ilivyowafanya wakubwa wao. Uovu ukapungua mwaka hata mwaka, si New York tu bali katika miji mingi ya nchi ile, hata isiyofuata mwendo wake. Ilipofika mwaka 2017 waliouawa walikuwa 292, na unyang'anyi ulikuwa chini ya 14,000. Mwaka 2020, wakati wa maradhi ya korona, mauaji yakapanda tena hata yakapita 450, kisha yakashuka. Ili ijulikane ya kuwa amani si milki ya mtu.

FIMBO IPITAPO MPAKA

Lakini liko jambo la kuogopwa na kila mtawala na kila raia. Khofu ikizidi, watu huona kila dhulma ni halali, madhali imetendwa kwa jina la amani.

Mwaka 1989 mwanamke mmoja alishambuliwa vibaya katika bustani ya Central Park. Wakashikwa vijana watano, weusi na wa Kilatino, wenye umri wa miaka 14 mpaka 16. Wakahojiwa kwa masaa mengi hata wanne wakakiri mbele ya picha yale wasiyoyatenda. Magazeti yakawahukumu kabla ya hakimu. Wakafungwa. Mwaka 2002 mtendaji wa kweli akakiri, na vipimo vya mwili vikamthibitisha, hukumu zao zikafutwa. Na mwaka 2014 mji ukawalipa dola milioni 41. Ni fedha gani irudishayo ujana? Mmoja wao, Yusef Salaam, ni Muislamu, aliyeshikwa ana miaka 15 na kukaa kifungoni karibu miaka saba. Mwaka 2023 watu wa Harlem wakamchagua kuingia katika baraza la mji. Mwenyezi Mungu ameamrisha katika Sura ya Hujurat kuthibitisha khabari kabla ya kuwadhuru watu kwa ujinga, kisha majuto yakafuata. Mji mzima ulijuta.

Na mwaka 2011 polisi waliwasimamisha watu njiani zaidi ya mara 685,000, wengi wao weusi na Walatino, na karibu tisa katika kila kumi hawakukutwa na kosa lolote. Waislamu nao, baada ya mwaka 2001, walipelekewa wapelelezi hata misikitini. Mwaka 2013 hakimu Shira Scheindlin alihukumu ya kuwa mwendo ule wa kuwasimamisha watu umevunja katiba. Na mwaka 2014 kikosi kilichowapeleleza Waislamu kikavunjwa. Wengi wakaonya ya kuwa mikono ya polisi ikifungwa, damu itamwagika. Haikuwa hivyo. Kusimamishwa kulishuka mpaka kiasi cha 12,000 kwa mwaka, na mauaji nayo yakazidi kushuka. Basi dhulma ile haikuwa nguzo ya amani. Nyumba ilisimama bila yake.

Na jingine: mitaa ilipotulia, kodi za nyumba zikapanda. Wengi waliovumilia miaka ya risasi, wakalea na wakazika humo, hawakuweza kukaa kuionja amani waliyoipigania. Amani imfukuzayo maskini aliyeilinda bado ina deni.

YAPASAYO WATU WA PWANI

Basi Waislamu wa pwani wasiisome khabari hii kama hadithi ya mbali. Unga ule ule umeshuka Mombasa, Malindi, Tanga, Unguja na Dar es Salaam, na hakuna mtaa usiomjua kijana wake aliyepotea. Vijana wenye mapanga wameonekana katika vichochoro ambavyo wazee walikuwa wakipita usiku wa manane kwenda kusali. Na ukelele wa "mwizi!" ukipigwa, huinuka watu mia kwa mawe na mipira ya kuchomea moto, wala hapana mmoja aulizaye ushahidi. Waliowafunga wale watano walikuwa na mahakama, nao walikosea. Je, wenye kuhukumu kwa dakika moja barabarani?

Aketiye barazani na ajiulize: mtoto wa jirani akionekana akivuta pembeni, hunyamaza kwa kusema si wangu? Muuzaji akipita kwa gari jema, humrudishia salamu kwa heshima kuliko amrudishiavyo maskini? Kijana aliyeacha unga akitaka kazi, au akienda kunywa dawa kama ile iliyoanza kutolewa Muhimbili mwaka 2011, hupewa mkono au huchekwa? Kuinamisha macho kulikoamrishwa ni kuyainamisha na haramu. Si kuyafumba mbele ya udhia.

Mtume (s.a.w.) aliwabashiria masahaba walioteswa ya kuwa itafika siku msafiri atoke Sanaa mpaka Hadhramaut asimwogope ila Mwenyezi Mungu, na mbwa mwitu juu ya kondoo wake. Bishara ile ilitimia kwa watu walioanza na nafsi zao, kisha na majirani zao, kisha na njia zao.

Mwenyezi Mungu awape Waislamu chakula cha halali na usalama wa njia, awarudishe vijana waliopotea, na awakinge watu wake na udhia wa mwizi na dhulma ya mwenye kumkimbiza mwizi. Amin.