Siku za Kufunga Vifuniko

Vijana wenzangu, mnamkumbuka Rickie Lambert? Liverpool, timu aliyoipenda tangu utotoni, walimwacha akiwa na miaka 15. Blackpool nao wakamtema. Akaingia kiwandani kufunga vifuniko vya chupa za bitiruti, huku akijaribu bahati Macclesfield. Kisha Stockport, Rochdale, Bristol Rovers, Southampton. Madaraja ya chini, mwaka baada ya mwaka.

Agosti 2013, akiwa na miaka 31, aliingia Wembley kuichezea England kwa mara ya kwanza, na mguso wake wa kwanza ukawa bao la ushindi dhidi ya Scotland. Mwaka uliofuata Liverpool wakamsajili.

Wengi hukimbilia Wembley. Mimi nimebaki kule kiwandani. Nilipopoteza kazi niliacha na Misa. Kusema kweli nilimnunia Mungu. Lakini Yesu mwenyewe alikaa Nazareti karibu miaka 30 na mbao zake, bila makofi ya mtu. Pale Yordani, Baba alitamka kwamba amependezwa naye, na muujiza hata mmoja ulikuwa bado.

Sasa naosha magari. Jumamosi nilikwenda kuungama. Tuombeane.