Umenisevu Vipi?

Jumapili moja tulikuwa watano kwa keja ya rafiki yangu Roysambu. Chapati zimeisha, mpira haujaanza. Mmoja wetu akatoa simu: kuna programu inayokuonyesha jinsi watu walivyokusevu. Unaipakua, unaandika nambari yako, inakuletea orodha. Sasa nani angekataa? Kila mtu anataka kujua anaitwaje asipokuwepo.

Yangu ilileta "Fundi Laptop", "Mtoto wa Mama Njeri", "Usishike", na, kutoka kwa mtu ambaye bado namtafuta, "Ana Deni Langu". Tulicheka hadi jirani akagonga ukuta.

Kabla orodha haijaja, programu iliuliza jambo moja: je, naruhusu isome majina yote yaliyo kwenye simu yangu? Nilibofya "Ruhusu" bila hata kusoma. Ndivyo mchezo wenyewe unavyofanya kazi. Majina niliyoyaona hayakutoka hewani. Yalitoka kwenye simu za watu waliobofya kama mimi. Nami nikalipa vivyo hivyo: nambari mia sita na ushee, kila moja na jina nililoipa mwenyewe.

Nambari moja kati ya hizo ilikuwa ya binti ya shangazi yangu, ambaye kwangu ni dada mkubwa. Alikuwa amemtoroka mume aliyempiga. Alibadilisha laini, akahama, akatuomba sisi wachache tusimpe yeyote nambari yake. Na mimi sikumpa mtu. Niliisevu tu: jina lake, neno "mpya", na mtaa alikohamia, ili nisisahau njia siku ya kumtembelea.

Miezi miwili baadaye alipiga simu kumsalimia mwanawe, aliyebaki kwa nyanyake. Hakusema yuko wapi. Yule mwanamume aliiona nambari kwenye simu ya mamake, akaitafuta kwenye programu ile ile, akasoma nilichoandika. Jumamosi iliyofuata alikuwa kwenye geti, anamwonyesha askari skrini kana kwamba ni kibali cha kuingia. Askari alimzuia. Dada akahama tena wiki hiyo hiyo, na mara hii hakutuambia mtaa.

Tangu siku hiyo nimejiuliza: kosa langu lilikuwa lipi hasa?

Wasee wengi hujibu kwamba asiye na cha kuficha haogopi. Hata wahenga walisema mficha uchi hazai. Lakini methali hiyo inamhusu mtu anayehitaji msaada: mwonyeshe mkunga, mwonyeshe daktari. Haisemi umwonyeshe kila apitaye. Tena Kiswahili kina neno zuri, sitara. Kumsitiri mtu ni kumtendea wema, kumfunika asidhalilike wala asidhurike. Dada hakuficha uovu wowote. Alikuwa analinda uhai wake.

Wengine husema: ni data yangu, nitaifanyia nitakalo. Hilo nililiamini hadi nilipotazama nilichotoa. Jina langu lilikuwa moja. Ya wengine yalikuwa mia sita. Jambo hili si geni. Kulikuwa na chemsha bongo ya kupima tabia kwenye Facebook, ile ya kujibu maswali ujijue wewe ni mtu wa aina gani. Watu kama 270,000 hivi walisakinisha programu hiyo. Lakini mwaka 2018 Facebook yenyewe ilikadiria kwamba taarifa za watu hadi milioni 87 huenda zilichukuliwa, kwa sababu programu ilisoma pia habari za marafiki wa waliocheza. Taarifa hizo ziliishia mikononi mwa Cambridge Analytica, kampuni iliyojihusisha na kampeni za uchaguzi, hata huku kwetu Kenya. Kila aliyejibu maswali alidhani anajisema mwenyewe.

Mnakumbuka foleni za KICC mwaka 2023? Watu walipanga mstari kupigwa picha za mboni na Worldcoin, wapate sarafu za kidijitali za kama shilingi elfu saba. Serikali ilisimamisha shughuli hiyo mwezi Agosti, na sisi wa mitandaoni tukawacheka: ati mtu anauza macho! Leo siwacheki. Aliyepanga foleni alitoa macho yake mwenyewe, na pengine alikuwa na kodi ya nyumba ya kulipa. Mimi nilitoa nambari za watu mia sita, na shida yangu ilikuwa kwamba mpira umechelewa.

Sheria ipo. Katiba ya 2010, Ibara ya 31, inalinda faragha ya kila mtu, na tangu 2019 tuna Sheria ya Ulinzi wa Data. Mwaka 2023 Kamishna wa Data aliipiga klabu moja ya Nairobi faini ya shilingi 1,850,000 kwa kuweka picha ya mteja mtandaoni bila ridhaa yake. Ni vizuri. Lakini sheria huwaandama zaidi wenye biashara. Kati ya kidole changu na neno "Ruhusu" hakuna kamishna. Niko mimi tu.

Mtu ataniuliza: sasa nipige simu mia sita kuomba ruhusa? Hapana, hayo si maisha. Ila mtu anaweza kutofautisha haja na mchezo. Nikiwa mgonjwa, hospitali ikitaka nambari ya ndugu, nitaitoa. Mchezo ukitaka nambari ya ndugu, ninayelipa si mimi, na anayelipa hakualikwa kucheka. Hapo naona kosa langu. Nilitoa amana ya mtu kana kwamba ni chenji yangu.

Nimeifuta programu hiyo, na nimeondoa mitaa yote kwenye majina niliyosevu. Lakini maji yakimwagika hayazoleki. Kilichotoka simuni kwangu kilishatoka.

Dada alinipigia majuzi, kwa laini nisiyoijua. Nikamweleza yote, tangu chapati hadi orodha. Akanisikiliza hadi mwisho.

"Kwani hiyo kitu ilikuwa ya kazi gani?" akauliza.

"Ya kucheka tu, dada."

"Na mlicheka?"

"Tulicheka."

Akanyamaza. Nikasikia sufuria ikifunikwa upande wake. Kisha akaniuliza, "Na hii nambari, umeisevu vipi?"

Nikamwambia sijaisevu. Naikariri.