Je, Ni Motokaa Ile Ile?

Fundi akitwaa injini kuukuu ya motokaa moja, akaifunga katika fremu kuukuu ya motokaa nyingine, je, amefufua kitu cha zamani, au ametunga uongo wa chuma? Swali hili si la mafundi peke yao.

Na tulipime kwa habari iliyotukia. Mnamo mwaka 1910 na 1911 kiwanda cha Fiat, mjini Turin katika Italia, kiliunda motokaa mbili za mbio, zikaitwa S76. Injini ya kila moja ilikuwa na silinda 4 tu, lakini ujazo wake ulipita lita 28, na nguvu zake zilikaribia farasi 300. Baadaye ya kwanza ilipoteza injini yake, na fremu yake ikafika Australia. Ya pili ikavunjwa, ikasalia injini. Mwaka 2003 Mwingereza Duncan Pittaway aliipata fremu ile. Akaipata na injini ya ile ya pili, akaviunganisha. Bodi na sanduku la gia havikuwako tena, ikabidi vitengenezwe upya. Mwaka 2014 injini ikanguruma, baada ya kunyamaza karibu miaka 100.

Mmoja atasema, "Hizi ni mbili zilizofanywa moja." Mwingine atajibu, "Mbona nyumba huezekwa upya, wala hatusemi ni nyumba nyingine?" Walakini nyumba huezekwa hali watu wakaa ndani yake, motokaa hii ilikuwa imekwisha kutawanyika. Basi ukweli wake hauwezi kutoka katika chuma peke yake. Sharti utoke katika kinywa cha mwenyewe.

Asemaye, "Hiki ni cha ya kwanza, hiki cha ya pili, na hiki nimekifanya mimi," hamdanganyi mtu, tena awaheshimu mafundi wa kale ambao kazi yao ingaliozea ghalani. Lakini yule aunganishaye vipande vivyo hivyo, kisha akamnyamazia mnunuzi, ameiba, hata kama kila parafujo ni ya kale.

S76 yenyewe yatufundisha. Mwezi wa Desemba 1913, huko Ostend katika Ubelgiji, Arthur Duray aliiendesha kwa mwendo wa kilometa 213 kwa saa. Lakini sheria ilitaka arudi kwa njia ile ile kabla ya saa moja kupita, naye hakuweza; kwa hiyo haikuandikwa kuwa rekodi. Mwendo ulikuwa wa kweli, na rekodi haikuwako. Mtu mwaminifu husema yote mawili.

Nasi vivyo hivyo. Ukiunda baiskeli moja kwa vipande vya mbili, hujakosa neno; hiyo ni kazi njema ya mikono. Mnunuzi akikuuliza, mwambie. Na asipouliza, mwambie.