Jina, Koma, Mwaka

Niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilipokosekana. Ajabu ni kwamba tangu hapo nimeandika insha nyingi za chuo kuliko wenzangu waliobaki darasani. Ni kazi ya mtandaoni: mwanafunzi aliye ng'ambo analipa, mimi naandika, yeye anaweka jina lake. Nairobi tuko wengi. Kodi ya keja imetoka huko.

Katika kazi hiyo, kosa lisilosamehewa ni kutotaja vyanzo. Ukiazima wazo la mtu, unafungua mabano, unaweka jina lake, koma, mwaka. Mtindo huu huhusishwa na Edward Laurens Mark, mwanazuolojia wa Harvard, aliyeutumia mwaka 1881 katika utafiti kuhusu konokono asiye na gamba. Mwaka 1929 wanasaikolojia wa Marekani walichapisha mwongozo wao wa uandishi, kurasa saba tu. Toleo la 7, la mwaka 2019, lina kurasa zaidi ya 400.

Kwani koma ina uzito gani? Jina linakiri deni: wazo hili si langu. Mwaka unaongeza haki nyingine: alisema hivi wakati ule, pengine baadaye alibadili mawazo. Ni adabu ileile ya mtu anayeanza kwa kusema, "Haya niliyasikia kwa fulani."

Usiku mmoja nikapewa insha kuhusu uaminifu wa kitaaluma. Niliwataja watu kumi na wawili, kila mmoja na mwaka wake. Wa kumi na tatu, aliyekesha akiiandika, hakuwa popote. Nilicheka, kisha kicheko kikakatika.

Rafiki yangu, naye yuko kwa hii kazi, haoni shida. Ati fundi hujenga nyumba, akalipwa, na jina lake haliandikwi mlangoni. Nilikubali kwa siku kadhaa. Lakini mwenye nyumba hamwambii mtu kwamba matofali aliyapanga yeye. Mwenye insha anamwambia mhadhiri hivyo hasa, na mhadhiri anampa alama. Kesho alama hizo zinakuwa cheti, na mgonjwa fulani anamwamini mwenye cheti.

Hapo nikaelewa kwamba nilikuwa nalia kilio kisicho changu. Mimi sikuibiwa, nililipwa. Aliyedanganywa ni msomaji, na mimi nilishika ngazi mwizi akipanda. Tunataja vyanzo kumheshimu aliyesema, ndiyo, lakini zaidi ili msomaji ajue pa kwenda kuuliza. Insha zangu zote zina mabano sahihi, na bado ukiuliza nani anasema, jibu ni uongo.

Sijui kama nimeacha kabisa. Kodi ni tarehe tano, na njaa haijui mabano. Ila makala haya nimeyatia jina langu. Malipo yake hayafiki nusu ya insha moja. Lakini nikiwa nimekosea mahali, mnajua wa kumuuliza.