TUKISHUKA MLIMANI

Somo: Marko 9:2–29



Tarehe 6 Agosti kila mwaka Kanisa letu hukumbuka Kugeuka Sura kwa Bwana wetu. Habari hii twaijua tangu shule ya Jumapili. Bwana Yesu aliwachukua Petro, Yakobo na Yohana, akapanda nao mlima mrefu, na huko mavazi yake yakang'aa. Petro akapendezwa na mahali pale, hata akataka kujenga vibanda. Lakini wengi wetu tukiisoma habari hii tunafunga kitabu hapo hapo penye mwanga. Leo nawaomba tusome mbele kidogo, mpaka pale walipofika chini wakamkuta baba mmoja mwenye mtoto mgonjwa, na watu wakibishana.

Kwanza, kupanda si vibaya. Mathayo 14:23 yatueleza kwamba Bwana, baada ya kuwaaga makutano, alipanda mlimani peke yake kuomba. Basi ikiwa Mwana wa Mungu alihitaji kujitenga, sisi je? Kwetu mtu akisafiri peke yake bila shughuli, watu hushangaa. Tumezoea safari za msiba, za posa, za mgonjwa na za mkutano. Mimi, tangu nistaafu kufundisha katika chuo cha ualimu, nimejiwekea siku moja kila mwaka ya kwenda kwa motokaa mpaka kilele cha Vuria, katika vilima vya Taita. Safari iliyopita, jirani yangu wa Umoja wa Akina Mama alinikuta natia maji kwenye rejeta, akauliza, "Mwalimu, kuna msiba huko juu?" Nikamjibu, "Hapana, mama. Naenda kutazama tu." Akasema, "Kumtazama nani?"

Tulicheka wote wawili, lakini swali lile si la kucheka. Mtu apandaye mlimani yampasa ajue anakwenda kumtazama nani.

Kutoka Voi barabara hupita katika nyika kavu, kisha katika mashamba ya mkonge ya Mwatate, ndipo kona zinapoanza. Nyika hubaki chini, hewa hupoa, na mara waona migomba, makabichi na vijito. Ukipita Wundanyi bado wapanda. Vuria ni kilele kirefu kuliko vyote katika vilima vile, mita 2,208 juu ya usawa wa bahari. Katika misitu iliyosalia huko wako ndege wasiopatikana mahali pengine popote duniani. Miti ya asili hukamata ukungu utokao Bahari ya Hindi, ukadondoka kuwa maji, maji yakaingia ardhini na kutoka tena katika chemchemi. Hivyo watu wa chini hunywa kile ambacho msitu wa juu umekipokea. Pale kileleni imesimama pia milingoti ya mawasiliano. Haikusimamishwa huko ili itazame mandhari. Hupokea, kisha hupeleka majumbani.

Siku ile ukungu uliondoka kama saa tano. Niliiona nyika ya Tsavo, nikauona na mlima wa Sagalla, ambako mwaka 1883 mmishonari wa CMS, J. A. Wray, alianza kazi ya Injili. Mbali, upande wa magharibi, ulionekana Kilimanjaro. Nilisoma Zaburi ya 121, nikaomba, nikanywa chai yangu. Ndugu zangu, kutoka kule juu kila kijiji ni kizuri. Mabati yang'aa, na moshi wapanda polepole. Huoni mpaka wa shamba ambao ndugu wawili wanaugombania. Husikii kilio, wala hujui ni nyumba gani haikupika jana. Mlimani twaona mbali, lakini hatumwoni mtu.

Kushuka nako kuna kanuni zake. Dereva mzoefu hushuka kwa gia nzito, kama ile aliyopandia. Akitegemea breki peke yake, zitapata moto, na zikipata moto sana hazishiki. Basi nilikuwa nashuka taratibu, na kwenye kona moja nikamkuta mama kijana anatembea kwa haraka, mtoto mgongoni. Mtoto alikuwa na homa tangu usiku na alikuwa amekataa kunyonya. Nikafungua mlango wa motokaa. Njiani mama yule hakusema mengi. Aliweka tu mkono kifuani pa mtoto ili asikie kama bado anapumua. Tulifika hospitalini, mtoto akapokelewa.

Nami nikafikiri: barabara ile nilikuwa nimeitazama kutoka kileleni kwa muda wa saa nzima, nikamshukuru Mungu kwa uzuri wake. Na mama yule alikuwa ndani ya uzuri huo huo, anatembea na hofu.

Hapa ndipo somo letu lilipo. Mungu huona yote kutoka juu, wala hakuna kilicho kidogo mno machoni pake. Hata hivyo hakuridhika na kutazama. Alishuka, akafanyika mwili, akakaa kwetu (Yohana 1:14). Kama kuona mbali kungetosha, pasingekuwa na Bethlehemu wala msalaba. Na Bwana alipotoka katika utukufu wa mlimani, hakumwambia yule baba angoje. Alisema mtoto aletwe kwake.

Basi sisi tufanye nini? Tusiache kupanda. Ibada ya Jumapili, meza ya Bwana na sala ya siri chumbani, hiyo ndiyo milima yetu. Lakini mlango wa kanisa ndio mwanzo wa kushuka. Mtu aliyeimba kwa machozi asubuhi, kisha akafika nyumbani akamfokea mkewe au kumpita jirani asiyesemezana naye, huyo anashuka mlima huku gia ikiwa huru. Tushuke kwa nguvu ile ile tuliyopandia, yaani kwa maombi.

Nanyi wastaafu wenzangu, tusijenge kibanda cha Petro. Tuna nafasi ambayo vijana wetu hawana. Tuitumie kwa watu.

Tena kuna wale ambao wamekaa bondeni muda mrefu mno. Katika kila mtaa yuko binti anayemwuguza mzazi miaka mingi, wala hajapata siku moja ya kupumzika. Huyo hahitaji kuhubiriwa juu ya utumishi. Anahitaji mmoja wetu aende akae na mgonjwa kutwa nzima, ili naye apate kupanda, amtazame Bwana wake. Nawasihi, kila kikundi cha kanisa kimtafute mtu mmoja wa namna hii kabla mwezi haujaisha.

Ee Bwana, uliyeng'aa mlimani ukashuka kwa ajili ya mtoto mmoja, utufundishe kukutafuta peke yetu, na kukutumikia pamoja na wenzetu. Amina.

Wenu katika Bwana,
Mwalimu mstaafu