Rangi Juu ya Ufa: Fundi Anadaiwa Nini na Mtu Asiyemjua?

Je, fundi amemaliza wajibu wake pale anapomrudishia mteja kitu kinachofanya kazi? Swali hili laweza kuonekana dogo. Nimelichagua kwa sababu limenikaa moyoni tangu likizo niliyoimaliza uani kwa mjomba wangu, Buyenzi, hapa Bujumbura, tukinyoosha na kuunga baiskeli zilizoharibika.

Kwanza nieleze kazi yenyewe. Barabara ya Taifa Namba 1 huanzia Bujumbura, kando ya Ziwa Tanganyika, kwenye mwinuko wa mita zisizofika 900, ikapanda hadi Bugarama, zaidi ya mita 2,000, katika kilomita zipatazo 35 tu. Vijana hushuka mteremko huo na baiskeli zilizosheheni ndizi au mkaa, mara nyingi mzigo ukimzidi mpandaji uzito. Wakati wa kurudi, wengi hushika nyuma ya lori wakavutwa hadi juu. Baiskeli haikutoka kiwandani kwa kazi hiyo, kwa hiyo mafundi huiunda upya: fremu huongezewa nondo, na uma wa mbele, yaani ile mikono miwili ya chuma inayoshika gurudumu, huimarishwa kwa kuchomelewa. Baiskeli ikianguka, uma hupinda. Hapo ndipo huletwa kwa mjomba. Huuweka kwenye moto wa mkaa hadi uwe mwekundu, huugonga taratibu, huupima kwa uzi, huziba nyufa kwa kuchomelea, kisha husawazisha kwa tupa.

Kila aliyewahi kukata waya kwa mikono anajua tabia ya chuma: ukikunja, ukakunjua, ukakunja tena, mwishowe hukatika. Uma ulionyooshwa hufanana na mzima, lakini sehemu ya nguvu zake imekwisha kutumika. Fundi analijua hilo. Mtu mwingine hawezi kuliona.

Waliosoma falsafa wataikumbuka merikebu ya Theseus iliyosimuliwa na Plutarch: mbao zilizooza zikibadilishwa moja baada ya nyingine, je, merikebu ni ileile? Ni swali zuri, lakini anayeshuka kutoka Bugarama hana haja nalo. Hajali kama baiskeli ni ileile. Anataka kujua kama uma utahimili. Kwake yeye, ukarabati ni suala la uaminifu.

Siku moja mteja alileta uma uliokwisha kunyooshwa mara mbili. Mjomba aliugeuzageuza, akamwambia, "Nitaunyoosha, ndugu yangu, lakini uishie huku tambarare. Usiupandishe mlimani." Mteja akakubali. Mjomba alikuwa na desturi moja: hakupaka rangi mahali alipochomelea. Alisema mwenye baiskeli apatazame kila asubuhi, kwa sababu mara nyingi ufa hujionyesha kwa mstari mwembamba wa kutu kabla chuma hakijaachia. Kazi ilipokwisha, mjomba alikwenda kuswali. Mteja akanipa pesa kidogo, akaniomba nipake rangi nyeusi uma mzima. Nikapaka, ukang'aa. Alipokuwa akiondoka alinieleza kwa furaha kwamba amekwisha kupata mnunuzi.

Mjomba aliporudi hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Mnunuzi ni nani, mwanangu?" Sikuwa na jibu.

Tuzipime hoja za upande wa pili, maana si hafifu. Hoja ya kwanza ni umaskini. Fundi akikataa kila uma wenye shaka, atawanyima watu chakula, na wataenda kwa fundi mwingine asiye makini. Naikubali hoja hii. Ndiyo maana mjomba hakukataa kunyoosha, na sioni kosa katika kunyoosha. Hoja ya pili ni ridhaa: mwenye baiskeli alijua hatari, naye ni mtu mzima. Hii pia ni kweli, lakini ridhaa humhusu aliyeambiwa peke yake. Mnunuzi hakuambiwa. Mama anayetembea kando ya barabara na kikapu kichwani hakuulizwa, wala mtoto anayevuka hakuulizwa. Na onyo la mjomba, "uishie tambarare," lilimfikia mtu ambaye tayari alikuwa na nia ya kuuza. Tukumbuke kwamba Machi 2022 baiskeli zilipigwa marufuku katikati ya jiji. Baiskeli inayouzwa hapa ina kila sababu ya kupelekwa mlimani.

Hoja ya tatu ndiyo niliyoitumia mimi kujitetea: aliyedanganya ni muuzaji, mimi nilipaka rangi tu. Katika sheria ya biashara ya Kiislamu, inayojulikana na wengi Buyenzi, muuzaji hutakiwa kuitaja aibu ya bidhaa, na mnunuzi aliyefichwa ana haki ya kuirudisha. Sheria hiyo humbana muuzaji. Lakini muuzaji huyu asingeweza kuificha aibu ile bila brashi yangu. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Hapa maradhi niliyaficha mimi, na kifo, kikija, kitamuumbua mwingine.

Kwa hiyo jibu langu ni hili. Fundi hadaiwi kuhakikisha kwamba chuma hakitavunjika kamwe. Hakuna binadamu awezaye kuahidi hilo. Anadaiwa asimwondolee mtu mwingine uwezo wa kuona hatari kwa macho yake. Kovu lililo wazi husema na kila atakayeishika baiskeli, hata wale ambao fundi hatakutana nao. Maneno ya onyo hubaki kwa aliyeyasikia, naye anaweza kuyameza.

Najua jibu hili halitoshi. Hata mshono usiopakwa rangi unaweza kupuuzwa na mwenye njaa, na anayeununua huenda asijue kuusoma. Lakini angalau angepata nafasi ya kuuliza, "Hapa pana nini?" Mimi niliifuta nafasi hiyo kwa rangi ya dakika tano. Zile pesa nilinunulia madaftari, na katika mojawapo ndimo nilimoanza kuiandika insha hii. Hadi leo, baiskeli yenye uma mweusi ikipita, mimi hutazama kwanza uma, kisha uso wa aliyeipanda.