Mlango Usio na Ada

Katika mji wa London imo nyumba kubwa ya kuhifadhi vitu vya kale, iitwayo British Museum. Ilifunguliwa mwaka 1759, na hata leo watu huingia humo bila ada. Tajiri na maskini husimama pamoja mbele ya kitu kimoja. Jambo hili twalisifu, kwa maana elimu isiyouzwa humfikia hata asiye na fedha.

Lakini twauliza: ni bure kwa nani? Wapokomo wa mto Tana, katika Kenya, walikuwa na ngoma yao kuu, Ngadji. Maofisa wa Kiingereza waliwanyang'anya, nayo ikapokewa katika nyumba ile mwaka 1908. Miaka mingi imekaa ghalani, isionekane ukumbini. Mtu wa London huenda huko kwa miguu. Mpokomo hana budi kuvuka bahari kwa nauli kubwa, na akifika asiione.

Je, mwenye kumkaribisha jirani ale bure mahindi yaliyochukuliwa katika shamba la jirani huyo, amemkirimu? Sisi twaona ya kuwa ukarimu hutanguliwa na haki. Kwanza mwenye mali asikilizwe juu ya mali yake, ndipo mlango ulio wazi kwa wote uwe wema kamili.